Dawa Aliyoikataa Bi Hasina

Yusra alikuwa akikuna nazi uani, sikio likiwa chumbani. Mamake, Bi Hasina wa Majoreni, alikuwa na saratani. Hospitali ilikuwa imesema hatapona tena. Walimpa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu.

"Mama, nikupe dawa?"

"Siitaki. Inalevya. Nikifa nimelewa nitatamkaje shahada?"

Siku moja maumivu yalimzidi, akakubali. Yusra kwa huruma akajaza kijiko kikubwa. Huruma haina kipimo! Bi Hasina akalala kutwa nzima.

"Umeona?" alisema alipoamka. Hakuigusa tena.

Jumatatu muuguzi Kadzo alipiga hodi.

"Shikamoo, Bi Hasina."

"Marahaba, mwanangu. Sijambo."

Sijambo gani, na mkono umekamata godoro? Kadzo akamuuliza Yusra, naye akaeleza yote.

"Mambo ya dini si yangu kukufundisha, mama," alisema Kadzo. "Lakini hospitali yetu inashirikiana na wauguzi wa Uganda na India. Wametutangulia katika kazi hii. Ngoja nimpigie mwenzangu."

Kwenye simu ya video akatokea mama mwenye hijabu, muuguzi Sista Hajara wa Kampala. Walisalimiana.

"Mamangu nilimuuguza kwa dawa hiyohiyo," alisema Hajara. "Ikipimwa sawasawa hailevyi. Siku za mwanzo utasinzia kidogo, kisha utazoea. Sasa niambie, mama, maumivu haya yanakuacha uswali?"

Bi Hasina alitokwa na machozi.

"Hata Alhamdu siimalizi," alisema.

Kadzo akampa Yusra bomba dogo la kupimia dawa.

"Weka kijiko kando. Pima mpaka hapa, kila baada ya saa nne. Usisubiri maumivu yarudi, wala usizidishe. Na hii nyingine ni ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo. Akizidi kusinzia, nipigie."

Siku chache baadaye Bi Hasina aliswali amekaa kitandani. Kisha akaonja wali.

"Nani kakufundisha kupika wali bila chumvi?"

Yusra alicheka mpaka akalia. Mamake alikuwa amerudi.

Bi Hasina akawaita majirani, akaomba radhi kwa kila mmoja, naye akawasamehe.

Wiki kadhaa baadaye, kabla ya adhuhuri, alifariki nyumbani kwake. Yusra alikuwa amemshika mkono. Hakuhitaji kumkumbusha lolote. Mamake alitamka shahada mwenyewe, polepole, na Yusra akaisikia yote.