Utani wa Somoe Niliuita Uchawi

Nina miaka thelathini na sita. Ni fundi cherehani, mke wa mtu na mama wa binti mmoja, naishi Chuno, Mtwara mjini. Na kila jioni baada ya kula nameza kidonge kimoja. Nimeanza na kidonge makusudi, ili yule anayetaka kusema "kumbe chizi" aseme mapema tumalizane.

Nimeshazoea. Nikiingia dukani nawaona wanavyotazamana... Au pengine hawatazamani, ni mimi tu. Hiyo ndiyo shida ya ugonjwa niliougua. Hata ukipona, jicho la kushuku halifumbi lote.

Lakini sikuja hapa kuwasema wa dukani. Nimekuja kusema nilichomfanyia Somoe.

Somoe ni mtoto wa mjomba wangu, na kwetu binamu ni mtani. Anaweza kukutukana mbele ya wakweo na usinune. Tangu tukiwa wadogo salamu yake kwangu ilikuwa moja tu. Anikute nafua, anikute nakula, anasimama, ananiangalia juu mpaka chini, halafu anauliza, "Weye, bado hujafa tu?" Na mimi namjibu, "Nakusubiri utangulie." Basi, tumeshasalimiana! Habari za asubuhi hatukuwahi kupeana hata siku moja.

Tulipanga nyumba moja, yeye chumba cha mbele, mimi na familia yangu vyumba vya nyuma. Alikuwa anabangua korosho uani, anazikaanga, jioni anazipeleka Shangani, ufukweni wanakotembea watu. Mumewe alivuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha akanyamaza hukohuko. Watoto hakujaliwa. Sisi ndio tulikuwa watu wake.

Halafu kaka yangu Selemani akafariki. Ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kuondoka, ndiye aliyeninunulia cherehani yangu ya kwanza. Alilalamika tumbo siku tatu, siku ya nne tukamzika. Daktari alisema kidole tumbo kilipasuka. Nani alimsikiliza daktari? Mtu mzima, mwenye nguvu zake, juzi tu alikuwa juu ya paa anaezeka... afe kwa kidole tumbo?

Tulimzika kijijini kwetu, mbele ya Mahurunga, jirani na mto Ruvuma. Wanawake tumejaa kwenye mikeka, vilio kila upande. Mara Somoe akatokea kavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, anatembea kama yeye, kifua mbele, anakohoa kama yeye. Akajitupa kwenye kitanda cha kaka, akagoma kuamka mpaka apewe haki yake ya utani. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Halafu akanigeukia mimi.

"Huyu mmoja nimeshampeleka," alisema. "Zamu yako sasa, jiandae."

Mkeka mzima ulicheka. Mimi sikucheka.

Tuliporudi Chuno usingizi ulikata. Ukisikia mtu halali unadhani siku moja, mbili. Mimi zilikuwa wiki! Chakula kikawa majivu mdomoni. Na sikulia, ndugu zangu. Tangu kaka azikwe halikunitoka chozi hata moja. Badala ya kulia nikaanza kuunganisha mambo.

Somoe alikuwa anafagia uwanja kila asubuhi, miaka yote. Sasa nikajiuliza, mbona anaanzia mlangoni kwangu? Anafuta nyayo zangu! Na zile taka anazipeleka wapi? Moshi wa korosho zake ulipoingia dirishani kwangu, nikaziba dirisha kwa kanga. Akicheka na wateja wake, ananicheka mimi. Akinyamaza, anapanga.

Aliona sili, akaanza kuniletea ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Nilimmwagia kuku. Kuku alikula akashiba akaenda zake kulala kivulini. Mtu mwenye akili timamu angesema basi, yameisha. Mimi nilisema sumu hii imetajiwa jina langu, kuku haimhusu.

Kisha nikaanza kumsikia kaka. Mchana kweupe, nakanyaga cherehani, na ndani ya ule mlio namsikia anasema, "Anakuja kukuchukua." Nikiacha kukanyaga, kimya. Nikikanyaga, anarudi.

Mume wangu Hamisi ni fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Alihangaika, akanipeleka kwa mganga nje ya mji. Yule mzee alinitazama kidogo, akasema anayenimaliza ni mwanamke, ndugu wa karibu, na ananichekea. Jamani! Nani Mtwara nzima hana ndugu wa kike anayemchekea? Leo naliona hilo. Siku ile niliona mbingu zimefunguka.

Ilikuwa Ijumaa kabla ya swala. Nilikuwa barazani napiga pasi sare za shule za watu, pasi ya mkaa. Somoe akaja na bakuli la uji. Alikuwa na wasiwasi na hali yangu, naamini alitaka tu nicheke kama zamani. Akasimama, akaniangalia juu mpaka chini.

"Weye, bado hujafa tu?"

Nilimpiga na ile pasi...

Ilimpata mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Harufu yake bado ninayo puani. Uji ulimwagika, mkaa ukatawanyika, na mimi badala ya kumsaidia nikapiga kelele kwamba huyu ni mchawi, kamla kaka yangu na sasa anataka kunila mimi. Majirani walijaa. Je, kuna aliyeuliza kwa nini aliyeungua ndiye anayesemwa? Hakuna! Walianza na wao kukumbuka. Huyu mtoto wake aliugua baada ya kula korosho za Somoe, yule aliota ndoto. Mwenye nyumba akamwambia aondoke kabla watu hawajafanya yao.

Alifunga mzigo kwa mkono mmoja. Alipopita mbele yangu alisema neno moja tu.

"Mimi ni mtani wako."

Nilimtemea mate.

Maneno yangu yalifika kijijini kabla yake. Akienda kusaidia kupika kwenye shughuli, sufuria lake haliguswi. Watoto walikatazwa kupita kwake. Mnajua wenyewe jina lile likishamkaa mwanamke anayeishi peke yake, kinachofuata. Somoe alikuwa analala kwa watu tofauti tofauti, wale wachache waliokubali, akiogopa kuchomewa nyumba. Na hayo yote niliyajenga mimi.

Sasa mchawi si kaondoka? Si nipone? Wapi! Mashaka yalikosa pa kukaa yakahamia kwa Hamisi. Kwa nini anaifunika simu? Kwa nini ananunua mkate duka lilelile? Yalipotoka kwa Hamisi yakamfuata muuza maji. Na asubuhi moja yakafika mahali ambapo hata kuandika naona aibu.

Binti yangu Hadija alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimekaa tu, macho wazi, sijui tangu saa ngapi. Akaja akanichungulia usoni, akaniuliza, "Mama, umekufa?" Mtoto aliogopa, basi. Lakini kichwani mwangu likaja wazo, na huyu naye katumwa. Mkono wangu ukaanza kutafuta mkasi.

Ukaupata, na namshukuru Mungu ukaishia hapo. Niliuweka mkasi sakafuni, nikausukuma kwa mguu mpaka chini ya kabati, nikampigia Hamisi simu. Nilimwambia aje anipeleke hospitali. Si kwa mganga, hospitali. Nilimwambia nitamdhuru mtoto.

Wodini alikuwepo muuguzi mmoja mama wa makamo, mtu wa Bukoba, tulimwita Sista. Nilimshuku na yeye. Anaandika nini kila saa? Vidonge nilivificha chini ya ulimi siku mbili. Siku ya tatu akaniambia nifungue mdomo. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa, akaniuliza huyo Somoe ninayemtaja kila mara alinifanya nini hasa. Nikamweleza maneno ya msibani.

Sista alishtuka. "Alisema hivyo mbele ya wafiwa? Kwetu angepigwa."

Nikamcheka! Ndiyo, mgonjwa mimi nikamcheka muuguzi wangu. Nikaona huyu mgeni hajui kitu, nikaanza kumfundisha. Nikamwambia, Sista, mtani ndiyo kazi yake. Asipotania watu wanamnunia, wanasema ana kinyongo na marehemu. Anatania ili wafiwa wasizame na kilio. Tena anayempenda sana marehemu ndiye anayejitahidi sana kutania, hata kama moyoni mwake...

Nikasikia nilichokuwa nasema.

Sista aliweka kalamu chini. Alikaa pale pale kwenye kiti chake. Na mimi nikamlilia kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikalia mpaka shuka likalowa. Somoe alilelewa na Selemani pamoja na mimi. Alivaa kanzu ile naye kafiwa kama mimi, na hakuna aliyempa pole, kwa sababu mtani hapewi pole.

Kupona hakukuwa kwa siku moja, asikudanganye mtu. Dawa za mwanzo zilinitetemesha mikono, uzi hauingii kwenye sindano, ikabidi Hadija awe ananitungia. Kuna siku nilitamani nisiamke. Halafu nikajiona mzima nikaziacha kimyakimya, na baada ya muda mfupi sauti ya ufagio ikaanza tena kuwa na maana. Nikakimbia mwenyewe kwa Sista. Daktari akabadilisha dawa. Polepole nikaanza kulala, nikaanza kusikia njaa, na cherehani ikarudi kuwa cherehani.

Ilipofika hitima ya mwaka ya kaka, nikaenda kijijini na Hamisi na mtoto. Nilikwenda kwa Somoe kwanza. Njia nzima nilijiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane!

"Karibu dada," alisema. "Poleni na safari. Hamjambo?"

Dada... Wasomaji wenzangu, hakuna tusi lililowahi kuniuma kama heshima ile. Alinitandikia mkeka, akaniletea maji kwenye glasi, akanipa kila anachopewa mgeni. Mkononi kovu lina ncha kama ya pasi. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Akasema amenisikia, akaendelea kupepeta mchele.

Kwenye hitima niliomba ruhusa kwa wazee nikasimama. Nikasema mimi nilikuwa mgonjwa wa akili, nimelazwa, natumia dawa, na Somoe hajamroga mtu yeyote, nilimsingizia. Sufuria lake lilikuwa limewekwa pembeni peke yake. Nilikwenda nikapakua nikala, nikampa Hadija, nikampa Hamisi. Bibi watatu wakasogea na sahani zao. Wengine hawakuja, sitawaficha. Wapo wanaomkwepa mpaka leo, na hilo nitalijibu mbele ya Mungu.

Nawaomba, ndugu zangu. Mtu wako akikosa usingizi, akiacha kula, akianza kuona kila anayemchekea ni adui, usimtafutie adui wa kumkabidhi. Msimtafute mchawi. Mpelekeni hospitali, mapema, kabla hajashika pasi. Na wewe unayesoma huku unamshuku wifi yako, jirani yako, binamu yako... ulilala lini vizuri mara ya mwisho? Ulimlilia uliyempoteza? Anzia hapo. Mimi nimepona, nafanya kazi, namlea mwanangu. Inawezekana. Lakini neno nililolitamka barazani siku ile sijaweza kulirudisha lote.

Wiki iliyopita nilikuwa barazani nashona. Hadija akaja mbio kuniambia mama mdogo kafika. Nikainua macho. Somoe alikuwa amesimama pale pale ulipomwagika uji, ana kiroba cha mchele wa Ruvuma kichwani. Aliniangalia juu mpaka chini, taratibu, akarudia tena. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Weye," alisema, "bado hujafa tu?"

Yeye hajui zile siku nilizotamani jibu langu liwe, nimeshakufa. Sista peke yake ndiye anajua.

"Bado," nilimwambia. Niliacha kukanyaga cherehani. "Nakusubiri utangulie."

"Basi sogea huko," akasema, "nipate pa kukaa."