Breki ya Mbele na Barua ya Tawini

"Muuaji! Usimguse mwanangu!"

Nilimsukuma shemeji yangu Jaku mpaka akagonga ukuta. Mkononi alikuwa na kitambaa, alitaka kumfuta Wanu damu ya goti.

"Shemeji, nimefanya nini mimi?"

"Breki ya mbele umeifanya nini?"

"Sijaigusa!"

"Muongo! Wiki iliyopita nani alipiga magoti hapo kwenye gurudumu?"

"Nilitia upepo tu, wallahi!"

Ndugu wasomaji, hapo ni Mpendae, mwaka 1971, baada ya sala ya adhuhuri. Saa moja kabla, mume wangu Machano na binti yetu Wanu, wa miaka sita, waliponea chupuchupu na pikipiki kwenye mteremko wa Masingini. Machano aliminya breki ya mbele... mkono wa breki ukaenda mpaka mwisho, laini, kama anakamua sifongo! Breki ya nyuma peke yake haikufua dafu. Wakaingia kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa kando ya barabara. Karafuu ndizo zilizowazuia.

"Mama Wanu, punguza sauti," Machano alisema.

"Sipunguzi!"

Pikipiki ile ilikuwa ya baba yao. Jaku ndiye fundi, lakini mzee alimpa Machano. Na Jaku alishasema mbele yangu: "Ipo siku hii itakuwa yangu." Wewe ungefikiri nini?

"Basi mimi nshaandika," nikasema.

"Umeandika nini?" Machano akauliza.

"Barua. Borafya, yule kijana wa jirani, keshaondoka nayo. Anaipeleka tawini."



Vijana wa leo hamtajua. Miaka ile, neno tawi, yaani tawi la chama, halikuwa la mchezo. Mtu aliitwa kuulizwa jambo moja tu, na mkewe akaendelea kumwekea chakula kila magharibi, anasubiri. Nami nilikuwa nimeandika, kwa ule mwandiko wangu uliosifiwa chuo cha ualimu, kwamba Jaku amefanya hujuma ili amuue kaka yake.

Hujuma! Neno hilo nililichagua mwenyewe.

Mama mkwe wangu, Bi Mashavu, alikaa chini sakafuni kama aliyekatwa miguu.

"Jaku mwanangu, ondoka! Nenda Kizimkazi kwa mjomba wako. Sasa hivi!"

"Nikikimbia, mama, ndiyo nishakubali."

Akachukua spana.

"Mwenyekiti harudi tawini mpaka alasiri. Nipeni muda huo. Nafungua gurudumu mbele yenu. Nyote tazameni mikono yangu."

Nikasogea karibu. Nilitaka nimkamate kwa macho yangu!

Akalegeza nati, akachomoa chuma cha katikati, gurudumu likatoka. Ndani mlikuwa na breki shuu mbili, vile vipande vinavyobana ili gurudumu lisimame. Vilipaswa kuwa vikavu.

Vilikuwa vinang'aa.

Jaku akapitisha kidole. Akakinusa. Akaniangalia.

"Nini?" Machano akauliza.

"Nusa mwenyewe."

Machano akanusa, akampelekea mama yake. Bi Mashavu akafumba macho, akavuta pumzi.

"Mbona kinanukia kama kichwa cha Shemsa?"

Shemsa ni mimi.

Asumini! Mafuta yangu ya nazi ya nywele, ninayoyachemsha mwenyewe kwa asumini...

Juzi yake Machano alilalamika mkono wa breki mgumu, unamuumiza vidole. Sasa kwetu, kitu kigumu kinatiwa nini? Bawaba za mlango, cherehani, magoti ya bibi, vyote ni mafuta ya nazi. Alipotoka nikamimina kikombe kizima juu ya waya wa breki, yakateremka ndani kwa ndani. Nikaona bado mgumu. Nikachukua koleo, nikalegeza na ile nati inayokaza waya. Ukawa laini! Nikaridhika, nikaenda zangu kuchambua mchele. Sikumwambia mtu. Kwangu ilikuwa sawa na kupangusa meza.

"Ni mimi," nikanong'ona.

"Unasemaje?" Machano akauliza.

"Ni mimi! Nimetia mafuta mimi!"

Jaku hakunitukana. Heri angenitukana!

"Lete petroli, shemeji," alisema tu. "Na msasa."

Nikaleta mbio. Breki shuu zile akazitupa.

"Hizi zimeshanyonya mafuta. Ukizisugua leo, kesho zinateleza tena."

Akatoa nyingine mkobani, zilizotumika lakini kavu. Akaosha ndani ya gurudumu kwa petroli, akapiga msasa, akapangusa. Waya wenye mafuta akauchomoa, akatia mwingine. Kisha akakaza nati kidogo kidogo, kila mara anazungusha gurudumu asikie kama linakwaruza.

"Minya."

Nikaminya. Mkono ukanigomea nusu ya njia. Sijawahi kupenda ugumu namna ile!

Adhana ya alasiri ikaanza.

"Machano, panda! Twende!"

Nilikaa nyuma upande, buibui nimelikusanya mapajani. Kila kona nilijiona nishaanguka. Machano akafunga breki mlangoni pa tawi, na pikipiki ikasimama pale pale.

Borafya alikuwa kwenye benchi. Mikono mitupu.

"Barua iko wapi?"

"Keshaichukua mwenyekiti, Bi Shemsa. Kaingia nayo sasa hivi."

Machano akanishika mkono.

"Ukiingia humo ukasema ulisingizia, watakuweka ndani wewe. Na Wanu je?"

Nisiwadanganye, nilitaka kurudi nyumbani. Miguu ilishageuka! Nyinyi mnaorusha jina la mtu mitandaoni kabla hamjafungua hata nati moja, nawaomba mfungue kwanza. Mimi sikufungua. Na mtu wa kulipia hilo hakuwa Jaku.

Nikautoa mkono wangu mkononi mwa Machano. Nikaingia.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Hii ya kwako?" Bahasha ilikuwa imeshachanwa.

"Yangu. Lakini si kweli. Breki niliiharibu mimi, kwa ujinga wangu. Jaku hana kosa."



"Unajua unachokisema, mwalimu?"

"Nnajua."

"Basi kiandike."

Akanisukumia karatasi. Nikavuta kiti, nikakaa, nikashika kalamu. Nikaandika: Mimi, Shemsa binti Muhiddin, nimemsingizia shemeji yangu.

Nikatia sahihi.