Kiranja wa Afya na Juisi ya Barafu

Kila asubuhi Kiranja wa Afya alisimama mlangoni mwa darasa la sita, beji kifuani, akiamuru, "Onyesha meno!" Mwenye meno machafu alirudishwa bombani, hata angekuwa rafiki yake wa chanda na pete.

Yeye mwenyewe alipiga mswaki kama anayesugua sufuria iliyoungua. "Meno hayabembelezwi!" alijigamba.

Basi meno yakaanza kumtia ganzi. Akinywa maji baridi, anaruka. Akivuta hewa kwa mdomo, machozi yanamlenga. Hofu ikamshika: kumbe meno yake mabovu! Wakijua, si watamvua beji? Akafyata ulimi, akatafuta mswaki mgumu kuliko wote dukani, akazidisha kusugua. Ganzi nayo ikazidi.

Ijumaa, mwalimu wa darasa aliwagawia viranja juisi ya barafu.

"Kunywa, Kiranja."

"Nimefunga, Mwalimu."

"Umefunga? Si nimekuona sasa hivi unatafuna mkate?"

Darasa likaangua kicheko. Maskini, akapiga funda moja.

"Mama yangu weee!"

Juisi yote ikaishia kwenye shati la mwalimu. Nyuma ya darasa, mteja wa kila siku wa bombani akapaza sauti: "Kiranja, onyesha meno!"

Jioni hiyo mama yake alimpeleka kwa daktari wa meno, mswaki wake mkobani. Daktari akachungulia, kisha akaomba kuuona mswaki.

"Huu ni wa meno au wa viatu?"

"Wa meno, Daktari," alijibu kwa sauti ndogo.

"Halijaoza hata jino moja, mwanangu. Ila umekwangua fizi mpaka zimerudi nyuma, mizizi imebaki wazi. Ndiyo maana baridi inakuchoma."

Akayapaka meno dawa. Nyumbani, akaagiza, atumie mswaki laini, apige taratibu asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno ya kutuliza ganzi, na awe na subira wiki kadhaa.

"Lakini sufuria zangu zinataka nguvu zile zile," mama akadakia. "Usije ukaniambia mikono nayo ina ganzi!"

Jumatatu, Kiranja alieleza kila kitu mbele ya darasa, kisha akamnyooshea mwalimu beji. Mwalimu akairudisha kifuani pake.

"Kiranja wa afya si yule asiyeumwa," alisema. "Ni yule anayesema mapema anapoumwa. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na chako tulikisikia sote. Haya, kakague meno ya wenzako."

Kiranja akatabasamu, meno yote nje.

"Na shati langu utalifua wewe," mwalimu akaongeza. "Taratibu, usije ukalitoboa."