Mwana wa Waridi

Dubu alileta karatasi na kalamu, akaviweka mezani mbele ya Imran. Karatasi ilikuwa imelowa.

Waridi aliona. Aliona pia kwamba pale dubu alipoegemeza mkono wake wa manyoya palibaki alama ya udongo mbichi. Udongo huo ulitoka wapi? Walikuwa ghorofa ya pili, saa tisa alasiri, katika mkahawa wa watoto mtaani Kayole ambamo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alivuliwa viatu mlangoni. Uliitwa Pango la Dubu. Kuta zake zilifanywa kama mawe, popo wa plastiki wakaning'inizwa darini, na upande wa nyuma palikuwa na handaki la watoto kutambaa, linaloishia katika shimo lililojaa mipira ya rangi rangi.

Abrar, mtoto wao, alikuwa anatimiza miaka sita. Dada yake Aqsa, wa miaka mitatu, alikuwa amepakaa mchuzi wa nyanya mpaka masikioni.

"Wanataka nini?" Waridi aliuliza.

"Jina la mtoto," alisema Imran, akiifunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha hesabu. "Wamtangaze wakati wa keki."

"Andika jina lake na lako."

"Ndiyo, mwalimu."

"Imran."

"Nimesikia! Leo siku ya mtoto, usiniletee mambo ya Majengo."

Waridi alimgeukia Aqsa, akamfuta mchuzi masikioni. Alikuwa amekwisha kasirika tangu nyumbani, na mambo ya Majengo yalikuwa ndiyo yeye. Alizaliwa huko, binti wa marehemu Idarusi, aliyesoma talkini, maneno anayosomewa maiti akishazikwa, makaburini Kariokor kwa miaka thelathini. Katika nyumba ya Idarusi kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: jina la mtoto na jina la mama yake hayatajwi pamoja mbele ya mgeni. Mtu huitwa kwa jina la baba yake maisha yake yote. Kwa jina la mama huitwa siku moja tu, akiwa amelazwa kaburini na udongo umefukiwa, pale msomaji anapoinama na kumwambia, ewe fulani, mwana wa fulani. Imran, aliyekulia mtaa wa Umoja, aliambiwa hayo wiki ya harusi, akacheka mpaka akafuta machozi.

Mhudumu akaja na soda, msichana mwenye kibandiko cha jina kifuani: Tiffany.

"Sasa, birthday boy! Keki inakuja, sawa?"

"Ile karatasi ya majina mmeshaichukua?" Waridi alimwuliza, kwa kuwa haikuwapo tena mezani.

"Karatasi gani, auntie?"

"Aliyoleta dubu."

Tiffany aliiweka soda ya mwisho polepole sana. Akaangalia mlango wa ofisi, kisha akainama.

"Hatuna dubu leo. Kimeu ndiye alikuwa anavaa, na Kimeu aliacha kazi. Ile nguo tumeifungia stoo."

"Aliacha kwa nini?"

"Alisema si yeye anayeitembeza." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Meneja wetu, Patrobas, aliinunua soko la Gikomba, kwa bale ya mitumba. Auntie, tafadhali, usinichome kwa bosi."

Waridi akamgeukia mumewe.

"Uliandika nini?"

Imran alichezea mrija wa soda. "Palikuwa na nafasi mbili. Jina la mtoto. Jina la mama. Nikaona... wewe ndiye uliyemzaa. Nilitaka kukuheshimu."

"Kuniheshimu ni kunisikia!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Papo hapo taa zikazimwa, watoto wote wakapiga kelele za furaha wakidhani keki imefika, na Waridi, akiwa bado na kidole chake usoni pa Imran, alisikia sauti ambayo haikutoka katika spika wala katika mdomo wa mhudumu yeyote, sauti ya mtu mzima, tulivu, isiyo na haraka, ikitoka ndani ya handaki kama inayotoka chini ya ardhi, ikasema, "Abrar, mwana wa Waridi," ikanyamaza kwa kadiri ya pumzi moja, ikasema tena, na mara ya pili ikaja na harufu, kafuri ya kupaka maiti na udongo uliochimbwa asubuhi hiyo, harufu ambayo baba yake alikuwa akirudi nayo nyumbani katika mikunjo ya kanzu. Na ilipoita mara ya tatu, akanyoosha mkono gizani kumshika mwanawe, akashika kiti kitupu.

Soksi moja ya Abrar ilikuwa mdomoni mwa handaki.

"Waridi, ngoja niite meneja," Imran alinong'ona.

"Mshike Aqsa. Hilo tu, kama unaliweza."

Akaingia kwa magoti. Handaki lilikuwa la watoto, likambana mabega, na kuta zake za plastiki zilikuwa baridi na zenye umande. Aliogopa, ndiyo. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko hofu yake, na hasira ndiyo iliyotambaa.

Dubu alikuwa ameketi katika shimo la mipira, miguu ameinyoosha. Abrar alikuwa amelala mbele yake, mikono imenyooka ubavuni, macho wazi. Mipira ilikuwa imemfunika mpaka kifuani.

"Nani mama yako?" dubu aliuliza.

"Waridi," mtoto alijibu, kama anayesoma ubaoni.

Mkono wa manyoya ukavuta mipira mingine, polepole, kwa adabu, jinsi watu wanavyofukia. Ikafika shingoni.

"Nani mama yako?"

"Wa—"

"Nyamaza, Abrar!" Waridi alisimama akagonga kichwa darini, na maumivu yakamzidishia ukali. "Na wewe, mwizi wa watoto, nisikilize. Umemwita mwana wa Waridi. Hapa hakuna Waridi! Mama yangu alizika wawili kabla yangu. Mimi nilipozaliwa, jina nililopewa siku ya saba likafichwa, nikaitwa Waridi la kuitwa mtaani, la kuandikwa shuleni, la kudanganyia walio kama wewe. Karatasi yako ni takataka. Aliyemzaa huyu ni mimi, na jina langu huna."

Kichwa cha dubu kiliinama upande, kama cha mtu anayefikiri. Kisha kikaanguka. Nguo yote ikanywea juu ya mipira, na ndani yake hamkuwa na mtu. Palikuwa na udongo, wa kujaza ndoo, na karatasi iliyolowa.

Alitoka na mtoto kwapani, akiburuta nguo ile kwa mkono wa pili. Taa zilikuwa zimewashwa. Patrobas, meneja, alisimama njiani na tai yake.

"Madam, hiyo ni mali ya mkahawa."

"Basi ivae."

"Pardon?"

"Ivae hapa, tukuone."

Patrobas aliitazama. Ilikuwa inadondosha maji juu ya zulia lake. Akasogea pembeni.

Waridi akaichoma nyuma ya jengo, katika pipa la takataka, Tiffany akimletea mafuta ya chipsi yaliyotumika. Aliitupa na karatasi. Hakuondoka mpaka majivu yakapoa, ndipo wakarudi nyumbani Umoja.

Magharibi ilipokaribia alimkalisha Abrar kwenye kigoda, akaleta beseni amwoshe miguu. Mtoto hakuwa amesema chochote tangu Kayole. Imran alisimama mlangoni na Aqsa begani, akitafuta la kufanya ili asamehewe.

"Mama," Abrar alisema. "Kama wewe si Waridi, unaitwa nani?"

Waridi alitazama beseni. Alikuwa amebadilisha maji mara tatu, na bado yalikuwa rangi ya udongo.

Imran alicheka kwa furaha, kusikia mwanawe amesema. "Hulijui jina la mama yako? Sheikh alilitaja siku ya ndoa yetu, mbele yangu! Anaitwa—"

Waridi aliruka, beseni likapinduka. Kiganja chake kilimpiga mumewe mdomoni kwa nguvu hata damu ikatoka, na hakukiondoa, akakibana pale. Imran alimtazama kwa hasira. Kisha akatazama nyuma yake, kwenye kigoda, na hasira ikamtoka usoni pamoja na rangi.

Nyumba ilijaa harufu ya kafuri.

"Hapana haraka, baba," alisema mtoto, kwa sauti ya mtu mzima, tulivu. "Utanitajia siku nyingine. Mama akiwa amelala."