Usingizi wa Saa Nane

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Ndinda na nyanya yake walikwenda kuteka maji mtoni. Nyanya alibeba debe kubwa na Ndinda akabeba dogo, kila mmoja kwa ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso. Ndinda alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi, hodari darasani, lakini mvivu wa kupanda kilima. Familia yao iliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la mkonge, karibu na Ngoliba. Wazazi walishinda kazini tangu alfajiri, hivyo mkubwa wa nyumba alikuwa nyanya, ambaye wote walimwita Susu, kama Wakamba wamwitavyo nyanya.

Siku moja ya mwaka 1957, jua likiwa kali sana, Ndinda aliyatazama madebe, akakikumbuka kile kilima, akaona heri alale. Kusema kweli hakuwa na usingizi hata chembe. Alijinyoosha kitandani kando ya ukuta wa mabati, akajifunika blanketi hadi shingoni, akafumba macho.

"Ndinda, twende," Susu aliita kutoka nje.

Ndinda akajikausha.

"Ndinda." Kimya. "Wewe Ndinda."

Ndinda akakoroma kidogo, ili kazi yake isiwe na dosari.

Alichosahau ni historia ya Susu. Zamani Susu alikuwa na mtoto aliyeitwa Nzau. Nzau alilala mchana hivyo hivyo, akaitwa mara tatu asiitike, na homa ikamchukua kabla jua halijatua. Tangu siku hiyo, kwa Susu, mtoto asiyeitika mara tatu ni mgonjwa. Aliingia ndani, akamgusa Ndinda shingoni. Mabati na blanketi vilikuwa vimemchemsha vizuri.

"Anawaka," Susu alisema kwa sauti ndogo. Akamfunga mgongoni kwa leso, akatoka.

Zahanati ya shamba ilikuwa umbali wa maili moja na nusu. Ndinda alijiambia, nitasema tukifika barabarani. Barabarani akajiambia, nitasema tukifika kwenye reli ya kubebea mkonge. Reli ikapita, na aibu ikazidi kuwa nzito. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo Ndinda aliiona ndefu ajabu. Susu alichechemea, kwa maana goti lake la kushoto lilikuwa bovu tangu masika. Alihema, akaomba, akahema tena.

"Mungu wangu, huyu niachie. Nzau ulimchukua, huyu niachie."

Ndinda aliyasikia maneno hayo na sikio lake likiwa limegusa mgongo wa Susu, na moyo ukamuuma.

Zahanati ilijaa watu. Bwana Kilonzo, mganga wa zahanati, alikuwa ameshika mkono wa mtoto mdogo aliyepakatwa na mama mchumaji wa kahawa kutoka Ruiru aitwaye Waithira.

"Huyu hajitambui," Susu alisema. "Nisaidie, mwanangu."

Kilonzo akamwangalia Ndinda alivyolegea. "Mama Waithira, subiri kidogo. Nimwone huyu kwanza."

"Mwone tu," Waithira alijibu. "Nami ni mzazi." Lakini sauti yake ilitetemeka.

Ndinda alifumbua jicho moja. Mtoto wa Waithira alikuwa anatetemeka mwili mzima, na macho yake yalikuwa yamegeuka meupe. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa kweli, na sasa ulikuwa unasubiri ugonjwa wa uongo umalizike.

"Mwone yeye," Ndinda alisema, akiteremka mgongoni. "Mimi siumwi. Sikuwa nimelala. Sikutaka kwenda mtoni."

Kilonzo hakupoteza muda kumgombeza. Alimbeba yule mtoto, akaingia naye ndani. Susu aliketi kwenye benchi, akalishika goti lake, machozi yakamtoka.

Walisubiri mpaka Kilonzo alipotoka. "Homa ya malaria haina subira," alisema. "Amepata dawa kwa wakati, atapona."

Jioni hiyo Ndinda alikwenda mtoni peke yake mara mbili, bila kutumwa.

Kesho yake Ndinda alirudi na maji, akamkuta Susu amelala mkekani, kivulini mwa nyumba.

"Susu, maji haya." Kimya. "Susu." Kimya. Ndinda alilitua debe upesi hata maji yakamwagika. Alipiga magoti, akamshika bega. "Susu!"

Susu alifumbua macho. "Umeogopa?"

"Nimeogopa sana," Ndinda alisema, akaanza kulia.

"Hofu hiyo uliyoibeba kwa miito mitatu, jana mimi niliibeba maili moja na nusu." Susu akamvuta karibu. "Ukichoka, niambie umechoka, tutapumzika pamoja. Lakini usijifanye mgonjwa, mjukuu wangu. Anayekupenda atakuamini, na aliye mgonjwa kweli atakosa nafasi yake."

Kisha akauangalia mchanga uliolowa. "Sasa niinue. Maji umeyamwaga, na kilima ni kile kile. Twende wote."