Mfuko wa Waya Chumbani kwa Naila

Jumatatu, saa nne asubuhi, majirani wa Visiga walivunja mlango wa chumba cha Naila wakamtoa akiwa hai, mkono wake wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko. Kompyuta aliyokuwa akihariria video za harusi bado ilikuwa ikifuka moshi mezani. Mkaguzi Elinipa, mpelelezi wa polisi Kibaha, alipofika alikuta hukumu imeshatolewa.

"Ni Mudathir," alisema Mzee Zahoro, baba yake Naila, hata kabla hajaamkiwa. "Mchumba wake. Ndiye aliyeiunda hiyo kompyuta, akaileta hapa kumringia binti yangu. Mkamateni!"

"Shikamoo, mzee. Kwanza tutamuuliza."

"Marahaba. Msimuulize, afande. Mkamateni!"

Elinipa hakuwa mtu wa kusukumwasukumwa. Aliinama juu ya kompyuta. Kilichoungua zaidi kilikuwa pawa saplai, lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine. Fungu zima la waya lilitokea tumboni mwake moja kwa moja, limeunganishwa humo humo. Fundi aliyeitwa kulifungua alikuta kipande cha saruji kimegandishwa ndani, ili boksi lipate uzito wa kitu cha maana.

"Feki," alisema fundi. "Hii ukiipa kazi ya kweli inakuchomea nyumba."

Nyuma ya mlango, ambako moto haukufika, mfuko mdogo mweusi ulining'inia kwenye msumari. Ndani yake zilikuwamo waya mpya, kila mmoja una plagi pande zote mbili. Elinipa aliuchukua. Hakujua bado una maana gani, ila chumba cha Naila kilikuwa cha mtu nadhifu, na mtu nadhifu hatundiki kitu asichokihitaji.

Mchana ule Mudathir aliletwa kituoni. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni moja Dar, kijana mwembamba, na shati lake lilikuwa limelowa jasho.

"Pawa saplai ulinunua wapi?"

"Dukani kwa Telesphory, pale mtaa wa Picha ya Ndege."

"Uliichaguaje?"

Mudathir akainua uso kwa mara ya kwanza. "Afande, vifaa vingine vyote sikuhangaika navyo. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi. Nilijumlisha umeme unaoliwa na kila kifaa, nikaongeza nafasi ya kupumulia, nikafika wati mia sita na hamsini. Umeme wa kule unapanda na kushuka, kwa hiyo nikataka inayojizima yenyewe ikitokea hitilafu. Halafu nikataka yenye waya za kuchomoa, zisijazane ndani zikaziba hewa. Nilichomeka zinazohitajika tu. Zilizobaki nilimwachia Naila kwenye mfuko."

Elinipa akaweka kalamu chini. "Iliyoungua waya zake hazichomoki."

"Basi siyo yangu!"

"Au uliuza nzuri ukamwekea mbovu."

"Naila, afande? Nimchome Naila?"

Alilia bila kujificha, na Elinipa alimwonea huruma sana. Lakini huruma siyo ushahidi. Mudathir alilala rumande, na jioni ile ile Mzee Zahoro alituma watu kwa wazazi wake kwenda kuivunja posa.

Jumanne asubuhi Elinipa alikuwa Picha ya Ndege. Kwenye rafu ya chini ya duka la Telesphory zilipangwa pawa saplai za waya zisizochomoka, pacha wa ile iliyoungua. Mkaguzi aliinyanyua moja akaigonga kwa kidole.

"Na humu umetia saruji?"

"Mimi sitii kitu, nauza tu," alisema Telesphory, akijifuta uso. "Sikatai, afande, za bei ya chini ninazo. Mteja akitaka bei, nampa bei, na ninamwambia kabisa kuwa rahisi ghali. Lakini huyo kijana alinitoa jasho! Alichagua kama mtu anayechagua mke. Alifungua boksi hapa hapa barazani, akachomeka na kuchomoa waya mmoja mmoja. Waulize hao."

Vijana wa bodaboda waliokaa nje wakacheka. Walikumbuka vizuri, mmoja wao alikuwa amemuuliza Mudathir kama atalipia na mahari. Dukani basi ilitoka nzuri. Imebadilishwa baadaye, na aliyeibadilisha amepata nafasi ya kukaa na kompyuta hiyo peke yake.

Kutoka hapo Elinipa alikwenda Tumbi, hospitalini. Naila alikuwa amelala, mkono wote umefungwa bandeji.

"Kompyuta imewahi kutoka chumbani kwako?"

Naila aligeuzia uso ukutani. "Usimwambie Mudathir. Alinikataza kuihamisha."

"Mudathir yuko rumande, mdogo wangu. Baba yako anataka afungwe."

Binti alifumba macho, machozi yakapenya hivyo hivyo. "Nilikwenda nayo Kisarawe, kwenye harusi ya binamu yetu Zuwena. Walitaka video kabla wageni hawajaondoka, nikahariria kwa kaka yangu Abeid, anakaa huko. Niliporudi nayo ikawa inavuma, inanuka plastiki. Nikampigia kaka simu. Akasema nipulize vumbi."

Alasiri Elinipa aliingia Kisarawe, na Mzee Zahoro pembeni yake. Ni yeye aliyemtaka mzee aje. Abeid alikuwa akirekodi kaswida na matangazo katika chumba cha uani. Alimwamkia baba yake kwa adabu, akawavutia viti. Kompyuta yake ilikuwa imeondolewa ubavu mmoja ili ipate hewa.

"Pawa saplai nzuri," alisema Elinipa akichungulia. "Umeipata wapi?"

"Kariakoo. Mpya kabisa."

"Mbona kadi ya video umeiungia waya kwa utepe wa gundi?"

"Waya haukutosha, afande."

"Kuna soketi tupu tatu hapa. Mpya kabisa, na waya zake hazikuja nayo?"

Elinipa akafungua mfuko mweusi, akatoa waya mmoja, akauchomeka kwenye soketi tupu. Uliingia sawasawa. Jina lililochapwa kwenye plagi lilikuwa lile lile lililoandikwa ubavuni mwa boksi.

"Hizi zilikuwa zimetundikwa Visiga," alisema. "Ulichukua boksi na waya zilizokuwa zimechomekwa. Nyingine hukujua zilipo."

"Abeid," alisema Mzee Zahoro, polepole. "Sema siyo kweli."

Abeid aliketi sakafuni. "Yangu ilikuwa inazima kila nikirekodi, baba. Nikaisikia ya shemeji, kimya kabisa. Shemeji si mtani wangu? Siku zote ananificha viatu, mimi namchukulia kofia. Naila alipokwenda ukumbini nikazibadilisha. Nikasema akigundua tutacheka, nitamrudishia."

"Ulijua yako ni mbovu?"

"Ilikuwa inanuka."

"Na Naila alipokupigia simu?"

"Niliona aibu. Nilitaka kwanza nipate nyingine."

"Na Mudathir alipokamatwa?" Sauti ya Elinipa ilipanda, wala hakujali. "Mtani wako huyo?"

Abeid alimtazama baba yake. "Baba alishasema ni Mudathir. Kila mtu akaamini. Mimi nikanyamaza."

Mzee Zahoro alishika kiti kwa mikono miwili. Alimtazama mwanawe akifungwa pingu, hakumtetea wala hakumlaani.

Mudathir aliachiwa Jumatano kabla ya adhuhuri. Alitoka akiwa na shati lile lile la Jumatatu, akamkuta Mzee Zahoro amesimama peke yake nje ya kituo, kofia mkononi. Elinipa, aliyekuwa dirishani, alimwona kijana akisita. Kisha Mudathir akamsogelea mzee, akainamisha kichwa kama alivyolelewa.

"Shikamoo, baba."

Mzee Zahoro alifungua mdomo. Alijaribu, akajaribu tena, na marahaba haikutoka.