Uso Kwenye Kioo cha Lori

"Sindano, ile picha uliikatia wapi?"

Sauti ya Fundi, mtaalamu wa kompyuta wa Idara ya Upelelezi, ilikuwa kavu.

Sindano alibana simu begani, darubini machoni. Kutoka dirisha la ghorofa ya pili aliiona bohari yote ng'ambo ya barabara. Lori. Makasha ya chanjo bandia. Walinzi wenye bunduki.

"Mtandaoni, kwenye kivinjari. Tovuti moja ya bure."

"Ya nini tena?"

"Kompyuta mliyonipa haina programu hata moja. Mlisema ni usalama."



"Tovuti ni ya hao wa bohari, Sindano. Picha ukiipandisha, wanabaki nayo nzima. Mtu wao huzikagua saa kumi kamili."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na nane.



Picha ilionyesha makasha na namba za lori. Aliipiga juzi Mama Deki, msafishaji wa bohari, aliyemwita Sindano "mwanangu" tangu siku ya kwanza. Pembeni, kwenye kioo cha lori, uso wake ulionekana wazi, simu mkononi. Sindano aliburuta fremu kwa kipanya, akaukata uso ule, akajiona mjanja.

Alimkata ili amlinde. Kumbe amemkabidhi.

"Mpigie atoke," Fundi alisema.

"Tangu jana simu za wafanyakazi zinaachwa langoni."

Sindano akampigia Mkuu wake, aliyekuwa njiani na kikosi. "Ingieni sasa!"

"Tumekwama darajani. Dakika ishirini na tano."

"Watakuwa wameshamuua!"

"Usitoke humo. Hiyo ni amri. Una bastola moja ya Beretta, wao wana bunduki kumi."

Simu ikakatika.

Sindano aliitazama kompyuta. Wale watu walitafuta kitu kimoja tu: kilichokatwa. Aliyekatwa ndiye anayefichwa.

Basi awafiche wote, wasiaminiane.

Kwenye kamera yake ya Nikon alikuwa na picha za bohari nzima. Akaanza. Akamkata dereva, akapandisha. Kiduara kikazunguka. Asilimia tatu. Asilimia tisa.

"Twende, baba, twende," aliibembeleza kompyuta kama mtoto anayekataa dawa.

Akamkata mlinzi wa lango. Akamkata mdogo wake Bosi mwenye bohari. Mtandao ulitambaa, naye hakuwa na la kufanya ila kuutazama.

Picha saba tu zilikuwa zimepanda. Saa kumi ikatimia.

Bosi alijitokeza uani na kompyuta kibao mkononi, akawaita wote. Mama Deki naye akaja, ndoo mkononi.

Sindano alishika Beretta. Mbali mno. Akairudisha.

"Mbona humu mmejaa wote?" Kelele za Bosi zilivuka barabara. "Hata wewe, mdogo wangu?"

"Kaka, nakuapia—"

"Funga domo!"

Dereva akamsukuma mlinzi. Mlinzi akamwita dereva msaliti. Bunduki zikainuka, kila mtu akimlenga mwenzake, na Mama Deki katikati.

Picha yake ilikuwamo. Ya nane. Bosi akamgeukia.



"Na wewe unashangaa nini? Kaniletee maji!"

Nani amwogope mama wa deki?

Mama Deki akaingia ndani. Risasi ikalia. Mdogo wake Bosi akaanguka, ameshika paja, akimwita kaka yake. Sindano akafumba macho. Yule naye, ni yeye Sindano aliyemkata.

Hawakuacha kugombana mpaka ving'ora vilipofika langoni. Hata kasha moja halikutoka.

Fundi akapiga. "Tovuti tumeizima. Lakini nani alishazipakua picha, sijui. Wakubwa wao bado hawajakamatwa."

Sindano alimkuta Mama Deki barabarani, ndoo bado mkononi.

"Mama, una ndugu mbali na hapa?"

"Nina dada. Kuna nini?"

"Leo usirudi nyumbani. Gari letu litakupeleka kwake."

Mama Deki alimshika mkono. "Mwanangu, mbona mikono inakutetemeka?"

"Baridi tu, mama."

Jua lilikuwa linawaka. Sindano alivaa miwani, akatia mikono mifukoni, akaondoka taratibu bila kugeuka.